Wagongaji wa Nchi ya Wima

Ilikuwapo nchi, wala haiko mbali. Njia ya kwendea huko kila mtu anaijua, ila hakuna anayeitaja. Iliitwa Wima. Watu wake walikuwa wema, wachapakazi, wacha Mungu, na walikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kitaifa: migongo yao haikuruhusiwa kuinama.

Ugonjwa huo ulianza kama heshima. Enzi za wageni waliowatawala, kila mtu wa Wima alilazimishwa kuinama mbele ya mabwana hao mpaka paji la uso liguse vumbi. Mwasisi wa taifa alipowafukuza, alisimama juu ya pipa la lami akatamka neno ambalo baadaye lilichongwa kwenye sarafu na kwenye mifuniko ya mitaro: "Hatuinami tena." Watu walilia kwa furaha, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini neno zuri likiachiwa wakubwa wa ofisini huota meno. Kwanza ilikatazwa kumwinamia mgeni. Kisha ikakatazwa kumwinamia mtu yeyote. Kisha, kwa kuwa ni vigumu kwa polisi aliye mbali kutambua nani anamwinamia nani, ikakatazwa kuinama.

Basi mifagio ya Wima ikatiwa mipini mirefu. Viatu vikashonwa bila kamba. Mtu akiangusha kitu barabarani alikisukuma kwa mguu mpaka nyumbani. Wakulima walipewa msamaha, kwa sababu hata mawaziri hula, ila walitakiwa walime huku wametazama mbele, na ndiyo maana katika nchi hiyo matuta yalikuwa yamepinda na vidole vya miguu vilikuwa vichache. Kupiga magoti kwa ajili ya sala kuliruhusiwa, ndani, mlango umefungwa, maana Mwasisi mwenyewe alikuwa na mama mcha Mungu, na alimwogopa.

Huko ndiko zilikoletwa Nyumba za Milele.

Mifupa yake ilikuwa ya chuma chepesi: mabati ya chuma yaliyokunjwa yakawa nguzo, yakapakwa zinki yakang'aa, yakafungwa kwa skrubu, kisha yakavikwa vibao vya saruji kwa nje na vya jasi kwa ndani. Nguzo zote zilisimama katika mfereji wa chuma uliolazwa juu ya msingi, kama meno kwenye ufizi. Zilikuwa nyumba nzuri, hilo lisemwe kwa haki. Kule zilikotoka, watu huzaliwa ndani yake na kuzeekea ndani yake. Fundi mgeni aliyezikabidhi alisema neno moja tu kabla ya kupanda ndege: nyumba hizi zitaishi kuliko ninyi, mradi miguu yake iwe mikavu, kwa hiyo kila mwaka mtu ainame, atazame chini ya ukuta, asugue, apake rangi, abadilishe skrubu iliyochoka.

Mkalimani alikuwa na mke na watoto. Kutamka "inameni" mbele ya umati kungempeleka mahabusu. Alifikiri kidogo, akatafsiri: "Mgeni anasema nyumba hizi hazihitaji kitu, ila ziheshimiwe kila mwaka." Makofi yakapigwa mpaka ndege ikachelewa kuruka.

Ikaundwa Wizara ya Uimara, akateuliwa waziri wake, Mheshimiwa Sifuni Tambwe, mtu mwenye shingo pana na mdomo uliolowa siku zote, kama aliyetoka kula au anayekwenda kula. Swali lake la kwanza kazini lilikuwa: nyumba huheshimiwaje? Wataalamu walikaa kwenye hoteli ya ziwani mvua nzima ya masika, wakarudi wakiwa wamenenepa na jibu. Mwasisi alipozaliwa, mama yake alimwogesha kwa maji ya chumvi, akakua akawa imara. Kwa hiyo nyumba nazo ziogeshwe kwa maji ya chumvi. Ikatengwa Siku ya Kuogesha, na kila mwaka magari yenye matangi yakapita mitaani yakimwagia kila Nyumba ya Milele maji makali yanayotoa machozi. Yalitiririka ukutani, yakashuka chini, yakaingia kwenye ule mfereji wa chuma, yakakaa humo. Hakuna aliyeyaona yalikokwenda. Yalikokwenda kulikuwa chini.

Siku ile ya kwanza Waziri alitoa hotuba ambayo watoto wa shule huikariri hadi leo. "Kitu cha milele hakikarabatiwi," alisema. "Anayekarabati anasema kimeharibika. Na anayesema kimeharibika, ndiye aliyekiharibu." Tangu hapo mtu aliyekutwa na brashi ya kupaka rangi karibu na ukuta wake alishtakiwa kwa kuikashifu nyumba.

Lakini serikali makini haiachi mali yake bila jicho, ndipo wakaajiriwa wagongaji.

*

Perusi Malembeka alikuwa mgongaji katika Mtaa wa Milele. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, naye aliipenda kazi yake kwa sababu hakuwa amewahi kuifikiria. Aliingia katika nyumba, akatoa kinyundo chake cha mti, akagonga ukuta usawa wa kifua kama kanuni ilivyotaka. Ukuta ukilia "ti", alisema, "Imesimama." Wenyeji wakaitikia, "Na itasimama." Akanywa chai, akaenda nyumba ya pili.

Katika nyumba nyingi alikuta mgeni. Mgeni huyo alisimama kwenye pembe ya chumba, kimya, amevaa koti refu na kofia iliyoshushwa usoni, na kichwa chake kimegusa dari. Wenyeji walisema ni mjomba kutoka shamba, si msemaji, amefiwa. Perusi alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo mjomba," akapita. Miaka ilivyokwenda ndivyo wajomba walivyoongezeka. Nyumba ya kinyozi ilijaa wajomba hata kinyozi mwenyewe akawa analala uani. Perusi aliwasifu watu wa mtaa wake kwa ukarimu. Na kama macho yake yaliwahi kuteleza chini ya koti, akaona kwamba mjomba ana mguu mmoja tu, nao una magome ya mkaratusi, aliyainua upesi. Mgongaji hatazami chini.

Mama yake, Bibi Damari, aliishi peke yake katika Nyumba ya Milele yenye ghorofa moja na roshani ya mbele. Miguu ya bibi huyo ilikuwa imekataa kazi, ikavimba, akawa mtu wa kitandani katika chumba cha chini, karibu na dirisha, akitazama watu wanavyopita na vidole vyao vilivyojikwaa. Kwake hapakuwa na mjomba. Ingekuwa aibu, mama wa mgongaji kuwa na mjomba.

Kila Jumamosi jioni Perusi alikwenda kumwosha mama yake na kumpikia uji, kisha alifunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda wakasali. Alizoea kusali amefumba macho. Lakini Jumamosi moja, karibu na mwisho wa kiangazi, katikati ya sala alisikia kitu kikitambaa juu ya kidole chake cha mguu, akafumbua macho. Uso wake ulikuwa umekaribia sakafu, umeelekea chini ya ukuta. Hapo ndipo alipouona mguu wa nyumba, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Kibao cha jasi kilikuwa kimejaa maji kikavimba kama shavu la mwenye jino bovu, kisha kikapasuka. Ndani ya ule mpasuko palikuwa na nguzo, au mahali ambapo nguzo ilikuwapo. Chuma kilikuwa kimejimenya magamba mekundu yaliyopangana kama matabaka ya chapati, na kati ya gamba na gamba palitoka ute wa kahawia. Harufu yake ilikuwa ya sarafu kuukuu zilizoshikwa na mikono ya jasho. Skrubu zilikuwa zimekwisha. Vilibaki vitundu vyenye midomo myekundu. Safu ya sisimizi iliingia upande huu wa nguzo ikatokea upande ule bila kupinda njia.

Perusi alinyoosha kidole akagusa. Kidole kikaingia kama kinavyoingia kwenye papai lililooza. Alipokivuta kilitoka na uji mwekundu, nao ukamdondokea gotini. Alifuta kidole kwenye sakafu, akafuta kwenye kanga, akafuta tena, na bado alihisi kwamba hakijafutika.

"Umeuona," mama yake alisema kutoka kitandani, bila kugeuka.

"Mama, ulijua?"

"Mwanangu, mimi nalala hapa. Usiku nausikia ukuta unatafuna. Mimi na nyumba hii tunaugua ugonjwa mmoja, tofauti ni kwamba mimi wamekubali kuwa naugua."

Perusi aliuliza kwa nini hakumwambia. Bibi Damari akasema angemwambiaje mtu anayeingia humu kila mwezi na kinyundo, akaugonga ukuta huohuo, na kusema umesimama. "Nikaona, mtoto huyu anasali. Ipo siku atafumbua macho."

*

Jumatatu asubuhi Perusi alikwenda kwa mkuu wake, Bwana Hezroni Kipuyo, Mkurugenzi wa Ugongaji. Alimkuta anakula mayai ya kuchemsha. Alikuwa akilichovya yai kwenye kisahani cha chumvi, akiling'ata, na akiongea kabla ya kumeza, na kiini kilikuwa kimemganda kwenye masharubu. Perusi alieleza yote, kwa utaratibu, huku akijitahidi asitazame masharubu.

"Uliona wapi?" Bwana Hezroni aliuliza.

"Chini ya ukuta, mkuu."

"Ukuta hauna chini. Kanuni inautambua ukuta kuanzia kifuani."

"Mkuu, kidole changu kimeingia ndani ya nguzo."

"Ulikuwa umesimama?"

"Nilikuwa nasali. Nilikuwa nimepiga magoti."

Bwana Hezroni alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi hilo ni jambo la imani, dada Perusi. Na serikali haina dini."

Akamfundisha, kwa upole kabisa, kwamba neno alilokuwa akilitumia, kutu, lilikuwa limeondolewa katika lugha ya wizara. Sasa palisemwa "wekundu wa ukomavu". Embe likikomaa huwa jekundu. Kwa nini chuma kinyimwe haki hiyo? Na kama wekundu umezidi, maana yake chumvi haijatosha, na tiba yake ni kuongeza chumvi. Alipokwisha kusema hayo alichovya yai lingine.

Perusi aliomba basi mama yake ahamishwe. Haikuwezekana. Mkazi wa Nyumba ya Milele ni mkazi wa milele, hatoki humo ila kwa jeneza, vinginevyo watu watasema nyumba imemshinda. Isitoshe, Bwana Hezroni alikuwa na habari njema, na alikuwa ameiweka mwisho kama mtu anavyoweka nyama pembeni ya sahani. Mwaka huu ilikuwa Jubilei ya Kuogesha. Waziri mwenyewe angehutubia taifa kutoka roshani ya Nyumba ya Milele, pamoja na wakurugenzi wote, bendi ya tarumbeta ikipiga mtaani, na nyumba iliyochaguliwa ni ya Bibi Damari, kwa heshima ya utumishi wa binti yake. Bibi angekaa chini yao, dirishani, akitabasamu, ili dunia ione kwamba mwananchi wa kawaida hana wasiwasi na kilicho juu ya kichwa chake. Na Perusi ndiye angegonga.

"Wakurugenzi wote ni wengi, mkuu," Perusi alisema. "Na ni wazito."

"Ni wazito sana," Bwana Hezroni alikubali kwa fahari.

Tangu siku hiyo mgambo wawili waliwekwa mlangoni kwa Bibi Damari, kulinda heshima yake isitoke nje.

*

Kulikuwa na mtu mtaani aitwaye Obadia, muuza miti, ambaye biashara yake ilikuwa imeshamiri bila kupakana na ujenzi wowote. Perusi alimwendea mchana peupe. Obadia alimtazama, akaweka shoka chini, yaani akaliachia lianguke, kama sheria ilivyotaka.

"Dada Perusi, nilikuwa najiuliza utakuja lini. Unataka mjomba mnene au mwembamba?"

"Mnene. Mnene kuliko wote."

"Mtaa mzima nimewapatia wajomba, wewe ukiwaamkia. Mke wangu anasema mgongaji anatudhihaki. Mimi nikamwambia hapana, huyo ni mtu wa adabu, anaamkia hata asiowaona."

 Perusi alisema tu kwamba mama yake yuko chini ya roshani. Obadia hakutania tena. Alichagua mkaratusi uliokomaa, akauvika koti la marehemu baba yake, akaupeleka kwa mkokoteni. Mgambo walipouliza, wakaambiwa ni mjomba wa mwenye nyumba, anaumwa mgongo, hawezi kukunja. Wakampisha kwa heshima. Mtu asiyeweza kukunja mgongo alikuwa mfano wa raia.

Wakamsimamisha chini ya boriti, karibu na kitanda. Nyumba ikaguna kidogo, ikatulia, kama mzee aliyepata mkongojo.

"Karibu mjomba," Bibi Damari alisema. "Ila tafadhali, usikae."

Kwa wiki nzima usiku ukuta haukutafuna, na Perusi akaanza kulala. Kisha wakaja maofisa wa usalama wa Waziri kuikagua nyumba ya Jubilei. Wakamkuta mgeni. Wakamwuliza jina, hakujibu. Wakamtaka kitambulisho, hakutoa. Wakamwambia avue kofia mbele ya maofisa, hakuvua. Walishauriana, wakaona kwamba ukaidi wa namna hiyo haujaonekana tangu vita vya ukombozi, wakamkamata. Ilibidi watu wanne wamwondoe, na alitoka amesimama wima mpaka kwenye gari. Inasemekana alihojiwa kwa siku kadhaa na hakumtaja mtu hata mmoja.

Alipotolewa tu, dari ilishuka, mlango ukagoma kufungika, na kutoka chini ya ukuta ukachuruzika mchuzi mwekundu mpaka chini ya kitanda cha bibi. Ofisa mmoja aliukanyaga. Alitazama mbele, akasema panateleza, wakaondoka.

Perusi alipiga magoti palepale, kwenye mchuzi huo. Alitaka kumwomba Mungu aishike nyumba kwa mkono wake mpaka sherehe ipite. Akaanza, maneno yakamwishia. Aliona haya kumwomba Mungu aisaidie wizara kudanganya. Akabaki magotini, na alipoinuka alikuwa ameomba jambo lingine.

*

Siku ya Jubilei Mtaa wa Milele ulijaa watu, wote wamenyooka kama mishumaa. Tangi la chumvi la mwaka huo lilikuwa kubwa kuliko yote, likavutwa na matrekta, na nyumba ya Bibi Damari ilimwagiwa mpaka rangi ikatoka kwa vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua. Watu wa mbele walikohoa. Bendi ikapiga. Waziri Sifuni Tambwe akapanda roshani, akafuatwa na Bwana Hezroni, wakafuatwa na wakurugenzi mmojammoja, kila mmoja na tumbo lake, na kila mmoja alipokanyaga, nyumba ilitoa sauti ndogo ambayo bendi iliifunika. Chini yao, dirishani, Bibi Damari alikuwa ameketi, amefungwa kilemba kipya cha wizara. Hakutabasamu. Alikuwa akimtazama binti yake.

Waziri alifungua mdomo wake uliolowa. Alisema kwamba maadui wa taifa walitabiri nyumba hizi zitaoza. "Niambieni, ndugu wananchi, iko wapi hiyo kutu? Mimi nimesimama juu ya nyumba, natazama huku na huku, siioni. Nimetazama mbele, siioni. Nimetazama juu, siioni. Basi wao waliionea wapi?" Kisha akaamuru, kwa sauti ya kumsamehe kila mtu, mgongaji agonge.

Perusi alisogea ukutani na kinyundo chake cha mti.  Aliinua mkono mpaka usawa wa kifua, kama alivyofanya maisha yake yote ya kazi. Akaushusha. Akakiweka kinyundo mfukoni. Kisha, mbele ya taifa zima, mlango ukiwa wazi na jua likiwaka, alipiga magoti katika matope ya chumvi.

"Tuombe," alisema, kwa sauti ile ya kwaya.

Hebu mtu afikirie jambo hili. Watu wa Wima waliogopa serikali, lakini walikuwa wamelelewa na mama zao. Mtu akisema "tuombe", magoti yana kumbukumbu yake. Obadia alikuwa wa kwanza. Akafuata kinyozi na mkewe. Wakafuata wanawake wa mstari wa mbele, kisha mstari wa pili, na mtaa mzima ukashuka kama nyasi zinavyolazwa na upepo, hata wapiga tarumbeta wawili. Na wote, walipofika chini, wakaona.

Waliona miguu ya nyumba. Waliona kwamba kati ya ukuta na msingi palikuwa na mwanga, na katika mwanga huo waliona miguu ya kitanda cha bibi, na panya aliyekuwa akinywa. Waliona nguzo zilizokuwa zinaning'inia kutoka juu, hazijagusa kitu, kama meno ya mzee. Mtu mmoja alitapika. Perusi hakuwa ameongeza neno hata moja kwenye sala yake. Ilikuwa fupi, na sasa watu wote walikuwa wakiisoma.

"Amina," alisema. "Mtoeni mama yangu."

Obadia na kinyozi waliingia kwa dirisha, na mgambo mmoja akawafuata, akasahau kwamba alikuwa kazini. Bibi Damari alitolewa na godoro lake, ameishikilia Biblia mkono mmoja na sufuria ya uji mkono mwingine, akiwaelekeza wasimgonge goti.

Juu huko Waziri aliona vichwa vimepungua mbele yake, na hakuelewa. Kutazama chini kulimshinda. Shingo yake haikuwa na mazoezi hayo. Alidhani umati umezidiwa na uzalendo. Akakaza sauti. "Imesimama," alisema, akapiga mguu wa kulia. "Imesimama," akapiga wa kushoto. Wakurugenzi wote, ambao hawakupenda kupitwa, wakapiga mguu pamoja naye.

Nyumba haikuanguka. Hilo mashahidi wote waliliapia baadaye. Ilikunja magoti. Ilishuka taratibu, kwa sauti ya karatasi kuukuu inayokunjwa, mbele kwanza kisha nyuma, ikaguna, ikatua kitako juu ya msingi wake, na roshani ikaja chini pamoja na kila aliyekuwa juu yake mpaka usawa wa barabara. Chumba cha bibi hakikuwapo tena. Kati ya dari na sakafu palibaki nafasi ya kupitisha sahani. Wakurugenzi walikuwa bado wamesimama wima, wamepakwa unga mwekundu kuanzia viatu hadi masharubu, na Waziri aliyekuwa na vumbi la kutu ulimini alimalizia sentensi yake. "Na itasimama," alisema, akatema.

*

Tume iliundwa, nayo ilisimama hapo mahali kwa siku nyingi ikitazama mbele. Iligundua kwamba nyumba haina kosa la uimara. Isingeweza, kwa kuwa ni ya milele. Kosa lake ni la adabu. Nyumba ilipiga magoti hadharani, kinyume cha sheria, kwa kufuata mfano mbaya wa raia mmoja aliyepiga magoti mbele yake. Perusi Malembeka akashtakiwa kwa kuishawishi nyumba ya serikali kuinama.

Hakimu alimwuliza kama ana la kusema. Perusi alijibu kwamba hakuishawishi, alitangulia tu. Bwana Hezroni alitoa ushahidi, akalia kidogo, akaomba chumvi ya mwaka ujao iongezwe. Bunge nalo likapitisha sheria kwamba kuanzia sasa sala zote zisaliwe kwa kusimama, macho juu, na mlango uwe wazi ili ionekane. Mjomba wa mkaratusi aliachiwa huru kwa kukosa ushahidi. Obadia alimchukua, na sasa anaishikilia nyumba ya kinyozi.

Bibi Damari alipokelewa na mke wa Obadia katika nyumba ya udongo nyuma ya uwanja wa miti, nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuiita ya milele, kwa hiyo kila mwaka baada ya mavuno huwa inakandikwa upya. Siku ya kumtembelea binti yake alibebwa mpaka gerezani. Alimkuta ndani ya jengo jipya linalong'aa, akalitazama kwa muda mrefu juu mpaka chini, kwa sababu mtu asiyeweza kusimama hutazama apendavyo.

"Wamekuweka kwenye chuma chepesi," alisema.

"Ndiyo mama. Ni zawadi ya wizara. Linaogeshwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu ya usalama."

 Bibi Damari alimwachia chupa ya uji, akamwambia asiache kusali.

Kila asubuhi askari jela huja na kinyundo cha mti, akagonga ukuta wa chumba cha Perusi usawa wa kifua. "Imesimama," husema. Naye Perusi hujibu kwa upole, "Na itasimama," akangoja nyayo zipotee mwisho wa korido. Kisha hupiga magoti kwenye pembe ile ambayo jua la asubuhi huingia kwa chini, mstari mwembamba unaopanuka msimu hadi msimu, na sisimizi hupita hapo wakienda nje na kurudi wamebeba chembe za sukari. Humshukuru Mungu kwa mama yake, na kwa Obadia, na kwa kazi ya mikono ya serikali. Akimaliza hunyoosha kidole na kukisukuma ukutani, polepole.

Leo mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko.